Simu ya Saa Nane

Simu ililia saa nane kasoro kidogo, na Dorkasi akauacha uwele kwenye ungo, kuku wakapata sherehe. Hakukimbia. Anayekimbilia simu anaonekana ana shida nayo, na yeye hakutaka hata ukuta ujue shida yake. Aliingia ndani, akaondoa kile kitambaa cha kufuma alichoifunikia, akanyanyua mkono wa simu taratibu, akauweka sikioni, akanyamaza. Haloo hakusema. Mwenye kupiga ndiye mwenye haja. Aseme yeye kwanza.

Hakusema mtu. Palikuwa kimya kwa muda wa kumeza mate, halafu ikaja ile filimbi, kali, ndefu, ya kukwaruza meno, kama mtu anayekuna sufuria kwa msumari. Kisha kimya tena. Kisha simu ikakatika.

Hiyo ilikuwa wiki ya tatu.

Simu yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya kampuni, kama nyumba ilivyokuwa ya kampuni, na kitanda, na hata mti wa mpapai uani. Kituo cha pampu cha Chidilo, kando ya barabara iendayo Bahi, kilikuwa na simu tangu enzi za shirika, wakati shamba la mizabibu lilipokuwa la umma na kila mkubwa akitaka apigiwe. Mwaka ule uliofuata mvua za El Nino shamba likauzwa kwa mwekezaji, na mwekezaji akaanza kupunguza watu. Waendesha pampu walikuwa watano. Akabaki mmoja, Yoramu Matonya, mume wa Dorkasi. Ofisi ya kituo ikafungwa, simu ikahamishiwa sebuleni kwa Yoramu, ikatiwa kufuli kwenye kidude cha kuzungushia namba. Ufunguo Yoramu aliufunga kwenye mkanda wa suruali yake. Kupokea ungeweza. Kupiga, labda umvue suruali.

Na hata kupokea alikataza.

"Hiyo simu ikilia mchana, Mama Gerson, iache ilie. Usiiguse."

"Simu gani isiyotaka kupokelewa?"

"Ni mambo ya kazi."

Jamani! Mwambie mtu chungu kile usikifunue, umeshamwambia ndani mna nyama. Yoramu angesema ukweli wake siku ile, mambo yote haya yasingetokea, na watu wazima wasingeaibika mbele ya vibarua. Lakini Yoramu alikuwa mtu wa kumeza maneno. Alikuwa ameshamwambia baba mkwe wake kule Kibakwe, kwa kifua mbele, "Baba, wenzangu wote wamekwenda. Mtambo mzima wa Chidilo uko mikononi mwangu." Mzee akafurahi, akawatangazia majirani. Baada ya hapo Yoramu hakuongeza neno, na Dorkasi hakuona sababu ya kuuliza, mpaka simu ilipoanza kulia.

Jumanne mtu akasema.

Filimbi ilianza kama kawaida, ikakatika katikati, na sauti ya mwanamke ikaingia, karibu kana kwamba yuko jikoni.

"Haloo? Nani huyo?"

Dorkasi kimya. Pumzi tu.

"Nakusikia unapumua. Weka chini, tafadhali. Unaniharibia kazi."

Simu ikakatwa. Dorkasi akabaki ameushika mkono wa simu kwa mikono miwili. Weka chini! Ndani ya nyumba yake, saa nane za mchana, na yeye ndiye mwenye cheti cha ndoa! Na kilichomchoma zaidi, sauti ile aliijua. Sauti ile alishaipikia kuku.

Ilikuwa ya Shamila, injinia kutoka Dar es Salaam. Alikuja mwezi wa nane na gari la kampuni, amevaa suruali, ana mkoba umejaa nyaya. Siku mbili nzima alikuwa chumba cha pampu na Yoramu, mlango umefungwa, ati vumbi lisiingie kwenye kisanduku alichokuwa anakifunga ukutani. Dorkasi alipika wali wa mchele wa Bahi, akachinja jogoo. Binti alikula, akashukuru, akamwita mama kwa adabu zote, akapanda gari akaenda zake. Kumbe!

"Mimi sisemi kitu," alisema Sikudhani. "Mdomo wangu umefunga."

Sikudhani, Mama Lulu, alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta kwenye kota zile za kampuni. Mumewe, Hassani, alikuwa mmoja wa wale wanne waliopunguzwa. Hawakuondoka kwa sababu mafao yao hayajalipwa, na mwekezaji aliwaacha wakae kwa muda, kama mtu anavyoacha buibui kwenye pembe ya dari. Wanawake hawa wawili walikuwa bombani, ndoo zao kwenye foleni. Bomba lilikuwa linatoa hewa tu. Siku hizo pampu ilikuwa ikizimika yenyewe kila ifikapo saa saba, na hakuna aliyejua sababu.

"Sema tu, umeshaanza," Dorkasi akamwambia.

"Haya. Mume anatembea na kufuli la simu kiunoni. Wewe umewahi kuona wapi? Hassani wangu alikaa na simu ile ofisini miaka yote, haikuwa na kufuli."

"Na hiyo filimbi?"

"Filimbi ni alama yao. Wamekubaliana. Asiposikia sauti ya mwanamume, anapiga filimbi anakata. Watu wa mjini hao, shoga yangu, usiwaone wamechana nywele."

Lilikuwa wazo la kipuuzi, na Dorkasi alijua ni la kipuuzi. Lakini wivu hauchagui chakula.

"Sasa nifanyeje?"

"Nyanyua. Kila ikilia, nyanyua, usiseme kitu. Mpaka achoke, aone nyumba ina mwenyewe."

Jioni ile Dorkasi alitenga ugali na mlenda, akakaa kwenye kigoda akimtazama mumewe anavyomega. Alimwacha ale matonge matatu.

"Shamila hajambo?"

Yoramu akalisimamisha tonge njiani. "Shamila gani?"

"Kwani wako wangapi?"

"Yule injinia? Nitajuaje mimi? Si yuko Dar."

"Mbona anakupigia simu?"

"Hanipigii mimi."

"Anampigia nani sasa? Mimi?"

Yoramu akafungua mdomo. Palikuwa na kitu pale, Dorkasi alikiona kabisa kikipanda kooni kisha kikirudi chini na mate. Badala yake akauliza, kwa sauti ya mashaka, "Mama Gerson, wewe umeipokea ile simu?"

"Niipokee ya nini? Si umenikataza?"

"Hujaigusa?"

"Sijaigusa. Nikuapie?"

Yoramu akamtazama. Miaka kumi na minne ya ndoa, ya kanisani, na kila mmoja alikuwa amekaa na uongo wake upande wake wa sinia. Tofauti ni kwamba Yoramu aliuamini wa mwenzake. Alimalizia tonge, akanawa, akaenda kulala mapema. Dorkasi akabaki anavitazama vyombo, hasira imemkaa kifuani, na keshoye saa nane simu ilipolia akainyanyua tena.

Ijumaa akaja meneja.

Aliitwa William, kijana aliyezidiwa umri na Yoramu kwa miaka isiyopungua kumi na mitano, lakini shikamoo yake alikuwa ameiacha alikosomea. Alishuka kwenye pikapu na walinzi wawili, mkononi ana karatasi ya faksi, akasimama katikati ya uwanja wa kota. Vibarua waliokuwa wanapogoa mizabibu wakaacha kazi wakasogea, maana gari la meneja halisimami bure.

"Wewe Yoramu! Njoo hapa. Kitalu cha pili kimenyauka, umekiona?"

"Nimekiona, meneja."

"Pampu inazimika kila siku. Kwa nini?"

"Kile kisanduku ndicho kinachoizima. Nilishatoa taarifa."

"Kinaizima kwa sababu kinadhani kisima kimekauka. Kimekosea tu. Na injinia wala hana haja ya kuja kukirekebisha. Kimeungwa kwenye waya wa simu hiyohiyo yako. Anakipigia kutoka Dar, kinapokea chenyewe, wanasemezana kwa mafilimbi yao, anakinyoosha huko huko aliko. Ni kazi ya dakika chache! Lakini kila akipiga, kabla kisanduku hakijapokea, kuna mtu anaiwahi simu. Kila siku. Hasemi chochote." William akaikung'uta karatasi. "Injinia ameandika hapa: 'Mtu anapumua.' Nani anayepumua, Yoramu?"

Vibarua wakacheka kidogo. Dorkasi alikuwa mlangoni anajifuta mikono kwa khanga. Akaacha kujifuta. Kisanduku. Binti yule alikuwa anapiga simu kwa kisanduku.

"Saa nane mimi siko nyumbani," Yoramu alisema. "Niko kwenye mifereji ya kitalu cha mwisho. Wewe mwenyewe ndiye uliyenipanga huko."

"Simu iko sebuleni kwako. Ufunguo uko kiunoni kwako. Watu wanne niliowapunguza hawakunifurahia, nikajua. Kumbe niliyembakiza ndiye ananihujumu! Zamani mtu kama wewe alipelekwa kizuizini. Mimi sitaki maneno marefu. Lete funguo, na nyumba uiache ifikapo Jumapili."

"Meneja, nina familia."

"Basi niambie ni nani. Mkeo?"

"Mke wangu haigusi ile simu." Yoramu alilisema hilo bila kusita, tena kwa sauti. "Nilimkataza, na nimemwuliza kwa kinywa changu mwenyewe. Mke wangu si mwongo."

Dorkasi akayatazama mawe ya pale mlangoni.

"Nani basi?"

Yoramu akageuka polepole. Inawezekana alikuwa ameliwaza jambo lile siku nyingi. Inawezekana lilimjia palepale kwa hofu. Lakini alinyoosha mkono kabisa, watu wakaona. "Waya wa simu unapita ukutani kwa Hassani. Na yeye anaujua."

Hassani alikuwa amechuchumaa barazani kwake akiziba pancha ya baiskeli. Alikuwa amefanya zamu moja na Yoramu miaka mingi, wakigawana mihogo na sigara kwenye chumba kilekile cha pampu. Aliinua uso akamtazama tu, gundi inadondoka vidoleni.

Walinzi waliingia kwake bila hodi. Wakatupa nje godoro, wakatupa nje beseni, wakatoka na roli la waya mweusi.

"Na huu wa nini?"

"Wa kuanikia nguo," Hassani akasema.

"Waya wa simu, kuanikia nguo! Mpandisheni garini. Ataenda kuwaeleza polisi."

Hapo ndipo Sikudhani alipotoka na kilio, khanga moja imemdondoka. "Si yeye! Wallahi si Hassani! Anayeipokea ni huyu hapa!" Akamwonyesha Dorkasi kwa kidole. "Huyu! Kila siku anainyanyua, ameniambia mwenyewe! Mama Gerson, sema! Sema, dada yangu!"

William akatikisa kichwa. "Ah, hiyo ndiyo kawaida. Mume akishikwa, mke anamtaja jirani."

"Sema, Mama Gerson," Yoramu naye akasema, akimgeukia mkewe. "Waambie."

Watu wote wakamwangalia. Ilikuwa ni neno moja tu. Angesema 'mimi siijui simu hiyo', na nani angemwamini Sikudhani? Nyumba ingebaki, mshahara ungebaki, mtoto wao Gerson angeendelea na shule kule Kibakwe kwa babu yake. Hassani angepanda gari, basi. Na macho ya Yoramu yalikuwa yamemtulia usoni, hayana hata chembe ya mashaka. Wiki tatu nzima Dorkasi alikuwa anamtafutia mumewe hila, na sasa aliyekuwa na hila pale uwanjani ni yeye. Alitamani ardhi immeze, lakini ardhi ya Dodoma kiangazi ni ngumu, haimmezi mtu.

"Ni mimi," akasema.

"Sema kwa sauti."

"Ninayeinyanyua ni mimi. Hassani hajui chochote. Na mume wangu nilimdanganya."

"Kwa sababu gani?" William akauliza. "Nani amekulipa?"

"Hakuna aliyenilipa. Nilidhani... Nilidhani ni mwanamke. Yule binti wa Dar. Nilidhani anampigia mume wangu."

Kicheko kilichotoka pale hakikuwa cha kawaida. Vibarua walishikana mabega. Mmoja akapiga filimbi ndefu, nyembamba, wenzake wakazidi kuvunjika mbavu. Hata mlinzi aliyemshika Hassani alicheka, na William mwenyewe ikabidi ajifute macho kwa ile faksi. Dorkasi alisimama akiwaacha wamalize. Hakumtazama Yoramu.

"Hapana," William akasema hatimaye, akijikaza uso. "Unamfichia mumeo. Hii ni hadithi ya kutunga."

"Mpigie mwenyewe. Jumanne aliniambia, 'Nakusikia unapumua. Weka chini, tafadhali. Unaniharibia kazi.' Mwulize kama hakuyasema hayo. Mume wangu hayajui, na Hassani hayajui."

Wakaingia sebuleni. Yoramu akachuchumaa, ufunguo ukamwanguka mara mbili, akafungua kufuli. William akazungusha namba ya Dar, akasubiri, akasema na injinia wake kwa maneno machache. Watu walijazana mlangoni na dirishani. "Jumanne, ndiyo. ... Maneno hayohayo? ... Basi ni mke wa fundi. ... Mke wake, ndiyo. Nitakueleza." Akaweka chini. "Amesema tukae mbali. Anakipigia sasa hivi. Asiguse mtu."

Wakarudi nyuma hatua mbili, kana kwamba simu inauma. Ikalia. Dorkasi alijishika khanga kwa mikono yote miwili, maana mkono wake wa kulia ulishaizoea ile safari na ulitaka kwenda wenyewe. Ikalia tena. Ikalia mara ya tano, ikanyamaza katikati.

Wakasubiri. Mtu mmoja akakohoa. Nje, kwenye pikapu, Hassani alikuwa bado ameketishwa chini kati ya makreti matupu, na Sikudhani ameushika ubavu wa gari asiliache liondoke. Dakika zikapita. William alianza kutazama saa yake.

Halafu mota ikanguruma. Ilitoka kule chumba cha pampu, mlango umefungwa, ndani hamna mtu, ikapanda mpaka ikatulia kwenye mlio wake. Bomba la uwanjani likatema hewa, likatema kutu, kisha likaachia maji meupe yasiyokatika. Vibarua wakashangilia. Wanawake wakakimbilia ndoo.

"Mteremsheni," William akasema, na Hassani akateremshwa. Samahani hakuambiwa. Aliokota baiskeli yake, akaanza kulirudisha godoro ndani peke yake. Yoramu alimsogelea akashika pembe moja ya godoro amsaidie. Hassani akalivuta likamponyoka Yoramu, akaingia nalo.

William hakuyaona hayo. Alikuwa amefurahi, anatembea na kurudi mbele ya chumba cha pampu, anausikiliza ule mlio. Halafu mwendo wake ukapungua. Ungeliona wazo likimjia usoni.

"Kwa hiyo ameiwasha yuko Dar."

"Ndiyo, meneja," Yoramu akasema.

"Na kuizima?"

"Anaizima."

"Na kujua kina cha maji, na mota kama inachemka?"

"Anayaona yote huko huko."

"Sasa wewe, Yoramu, hapa kwenye pampu unafanya nini hasa?"

Dorkasi alimtazama mumewe, akingoja lile jibu la kifua mbele. Yoramu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nafagia," akasema. "Nafagia chumba, nasafisha mifereji. Na mbuzi wakiingia nawafukuza."

"Basi?"

"Basi, meneja. Tangu kije hicho kisanduku."

William akaitikia kwa kichwa, taratibu, akaikunja faksi yake mara mbili. "Nyumba msihame Jumapili," akasema. "Mwisho wa mwezi tutazungumza." Akapanda gari. Kila aliyekuwa pale uwanjani alijua maana ya kuzungumza. Wale wanne walishazungumza naye hivyohivyo.

Yoramu akaketi kwenye ngazi ya mlango wake, na vibarua wakajifanya wanarudi kazini huku shingo zimebaki nyuma. Dorkasi akasimama mbele yake. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa, na angeona ni haki.

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekuambia nini, Mama Gerson? Kwamba nalipwa kufukuza mbuzi?"

"Mimi ni mke wako."

"Ndiyo maana."

Wiki tatu nzima Dorkasi alikuwa akimwomba Mungu ampe ukweli, hata ukiwa mchungu, na sasa alikuwa nao, na moyo ulimwuma kuliko siku zote za ile filimbi. Aliyeingia kati yao angekuwa mwanamke, Dorkasi angejua pa kuanzia. Angemfuata, angemtukana, angempeleka kwa wazee wa kanisa. Kitu kilichofungwa ukutani utakiendea na maneno gani? Mota iliendelea kunguruma vizuri, haikohoi, maji yanakwenda mizabibuni.

Akaikusanya khanga yake, akaketi ngazini kando ya mumewe, palepale mbele ya watu.